Pua ya Pagi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, shikamoo zenu nitazipokea wakati wa chai, maana ukumbi huu tumepewa saa mbili tu, na tukianza kuamkiana mmoja mmoja kama kwetu Tanga, mlinzi atatufungia humu.

Mwenyekiti wetu aliponipigia simu alisema, "Dada, safari hii tunataka uje utueleze mambo yako ya mbwa." Nikajua habari zimeshaenea, na zimeenea vibaya. Juzi sokoni ndugu mmoja kaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia ugonjwa, "Hivi ni kweli unafuga?" Sifugi. Sijawahi kufuga mbwa na sina mpango huo. Nimelelewa nyumba ambayo mwisho wa mbwa ni nje ya ua, yule koko wa jalalani, na akikugusa kaloa unajiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Nilichonacho mimi ni karatasi. Ni kadi ndogondogo za zamani, zaidi ya 300, nyingi zimepita miaka 130, na karibu zote zina sura ya mbwa wa aina moja: yule mfupi, mnene, uso mweusi uliokunjamana kama aliyeletewa habari za msiba, mkia umejiviringa mgongoni. Waingereza humwita pug. Nyumbani kwangu jina hilo limekuwa pagi, na leo mtanivumilia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alipopata habari aliniuliza kwenye simu kama malaika wanaingia nyumba yenye picha za mbwa. Nikamwambia ziko ndani ya sanduku, sanduku liko chini ya kitanda, na limefungwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi litie na kufuli."

Nilianzaje? Wengi wenu mnajua nilikuja Nottingham kusomea uuguzi, nikaishia wadi ya magonjwa ya kifua, na humo nikakaa mpaka nastaafu. Mji huu ulikuwa mji wa sigara. John Player & Sons walikuwa na kiwanda chao Radford, na kwa miaka mingi kila pakiti ilitoka na kakadi kadogo ndani, urefu kama kidole gumba na kidogo juu yake. Mwanzoni kadi ile ilikuwa kipande cha karatasi ngumu cha kuzuia sigara zisipondeke. Kisha wenye akili ya biashara wakaona: kipande kitupu cha nini? Tieni picha, wateja watafute seti nzima. Wachezaji wa kriketi, meli, ndege, maua, na mbwa. Vita vilipokuja na karatasi ikawa adimu, mwaka 1940, mambo hayo yakasimama.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja mzee, aliyekuwa na albamu yake kwenye kabati la kando ya kitanda. Ndani yake seti ya mbwa 50 ya mwaka 1931, iliyochorwa na Arthur Wardle, mchoraji ambaye Player's walimrudia tena na tena kwa kazi ya mbwa. Yule mzee alizikusanya akiwa mtoto, akisimama mlangoni mwa duka na kuwaomba watu wazima kadi wanapofungua pakiti zao. Usiku asipolala alinifunulia ukurasa, anaziba jina kwa kidole, ananiuliza, "Sista, huyu nani?" Mimi najua mbwa wawili tu, koko na wa polisi. Alicheka mpaka ikabidi nimwongeze oksijeni. Mpaka mwezi unaisha nilikuwa nawataja 30. Alipofariki, binti yake akaja akachukua albamu pamoja na kandambili na saa, kama ilivyo haki yake.

Basi Jumamosi moja nikaenda soko la vitu vikuukuu kutafuta seti kama ile. Sikuipata siku hiyo. Nilipata bati la biskuti lenye karatasi mchanganyiko, na katikati yake kadi kubwa zaidi ya zile za sigara, rangi zake zimeiva kama kanga mpya, na juu yake mbwa kakaa kwenye mto mwekundu ananitazama kwa huzuni. Yule mzee hakunifundisha mbwa huyu. Nikalipa pauni mbili. Nyuma yake kulikuwa na tangazo la duka la viatu katika mji mdogo wa Ohio.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kabla ya kadi za sigara kulikuwa na hizi, kadi za matangazo ya maduka. Wakati wake hasa ni miaka ya 1870 na 1880 mpaka karibu na mwisho wa karne, na nchi yake hasa ni Marekani, ingawa Ulaya nako zilikuwepo. Magazeti ya wakati ule yalikuwa meusi na meupe. Mtu wa kawaida nyumbani kwake hakuwa na picha ya rangi. Kisha mnamo 1876 yakafanyika yale maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kutimiza miaka 100 ya uhuru wao, watu wakarudi makwao na mifuko imejaa kadi za rangi walizopewa bure kwenye vibanda, na baada ya hapo muuza sabuni, muuza kahawa, muuza nyuzi na muuza dawa ya kikohozi wote wakataka zao. Ukinunua ratili ya kahawa, unapewa kadi. Watoto na mama zao wakazibandika kwenye albamu. Kwa hiyo kitu kilichokusudiwa kutupwa kikawekwa sebuleni karibu na Biblia.

Zilichapwaje? Kwa mawe. Nawaona mnacheka, lakini ndivyo. Unachukua bamba la jiwe la chokaa, na lililosifika zaidi lilitoka Solnhofen kule Bavaria, unachora juu yake kwa kitu chenye mafuta, unalilowesha, kisha unapaka wino. Wino unashika penye mafuta, unakataa penye maji. Ila jiwe moja ni rangi moja. Kadi yenye rangi nane imepita kwenye mashine mara nane, na kila mara lazima ikae palepale ilipokaa mwanzo. Ikisogea unywele mmoja, mbwa anapata macho manne. Ninazo mbili za namna hiyo. Nazipenda kuliko zilizonyooka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Mzungu wa kule sokoni nilimweleza saa nzima asinielewe, na nyinyi mtanielewa kwa sentensi moja. Nyingi za kadi hizi zilichapwa kwa maelfu zikiwa na picha tu, na nafasi tupu ya maneno. Mwenye duka ananunua mzigo, kisha mchapaji wa mjini kwake anamwekea jina lake. Je, kanga zetu zilikujaje? Zimechapwa ng'ambo, na pembeni jina la tajiri: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mnalijua lile, la Mombasa. Picha ya wote, jina la mmoja. Ndiyo maana pagi yuleyule, kwenye mto uleule, ninaye mara tano: mmoja anauza viatu, mmoja makaa ya mawe, mmoja vyerehani, mmoja kachapiwa jina la daktari wa meno, na wa tano hana mtu, nafasi yake ingali tupu kama kanga isiyo na jina. Huyo wa tano, kwa bei, ndiye wa chini kabisa. Kwangu ni wa juu, kwa sababu nikimweka kando ya wale wanne naona duka likizaliwa.

Kwa hiyo mkinunua kadi, igeuzeni. Watu wananunua uso. Nyuma ndiko kuliko na mji, mtaa, bidhaa, mara nyingine bei, na mara nyingine mwandiko wa mtoto. Pembeni chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, mnaweza kukuta jina la mchapaji: Donaldson Brothers wa New York, Bufford wa Boston, Mayer, Merkel & Ottmann. Hapo mmeshajua jiwe lilikuwa mji gani.

Kwa nini pagi hasa? Jibu la kwanza ni fasheni. Malkia Victoria alifuga pagi, na mbwa wa malkia ni kama kitenge cha mke wa rais, mwezi unaofuata wote wamevaa. Marekani chama cha kuandikisha mbwa wa nasaba kikamwandikisha mwaka 1885, katikati kabisa ya mafuriko ya kadi. Kila mama mwenye nafasi alimtaka, na asiyeweza kumnunua alimpata bure kwenye sabuni. Jibu la pili ni uso wenyewe. Mchoraji wa matangazo hupenda mnyama mwenye uso wa binadamu, na huyu ana uso wa mzee wa baraza aliyenyimwa kahawa. Wakamvisha miwani, wakamvisha boneti, wakamkalisha mahakamani. Kampuni za nyuzi nazo zilikuwa na mchezo wao wa kufunga wanyama kwa uzi mmoja usiokatika. Willimantic walimfunga hata Jumbo, yule tembo maarufu aliyefika New York mwaka 1882, wakaandika kwamba kavutwa na uzi wao. Jina hilo Jumbo wapo wanaolihusisha na "jambo" au "jumbe" la Kiswahili, na nikilitaja kwa wajukuu zangu wanavimba vichwa wiki nzima.

Lakini kilichonishika mimi ni pua.

Siku moja mstaafu mwenzangu alinitembelea na pagi wake, wa kweli, hai. Nilimpokea nje, sikumwingiza. Yule mbwa alikaa chini ya kiti, akapumua, na mimi nikaacha kusikiliza mazungumzo. Miaka yote ile wadini ilinifundisha kusikia pumzi kabla ya kumwona mgonjwa. Niliisikia ile sauti ya mkoromo, mtu akiwa macho, na mkono wangu ukaanza kutafuta oksijeni wenyewe. Mwenye mbwa anasema, "Usijali, hawa wote ndivyo wanavyopumua." Hilo ndilo lililonisikitisha.

Nikaenda kusoma. Mbwa huyu mfupa wa uso umefupishwa kizazi baada ya kizazi kwa kuchagua wazazi, lakini nyama ya ndani haikufupishwa kwa kiasi hicho. Kaakaa laini limebaki refu, linaning'inia kwenye njia ya hewa. Matundu ya pua yamebanwa. Ni kama umetia godoro la futi sita kwenye kitanda cha futi nne, lazima lijikunje mahali. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, sasa huyu kuhema kwenyewe ni kazi, ndiyo maana joto humuua upesi. Mpelekeni Tanga mwezi wa pili muone.

Usiku ule nikatoa sanduku chini ya kitanda, nikatandaza kadi zote sakafuni, nikachukua rula. Pagi wa miaka ya 1880, karibu wote, wana pua. Fupi, ndiyo, lakini pua, kitu unachoweza kukipima. Miguu ni mirefu zaidi. Kiwiliwili chembamba. Uso umekunjamana lakini haujabonyea kama sahani. Wengine mkiwaona mtasema ni mbwa mwingine, na wauzaji wengi hivyo ndivyo wanavyosema, nitalirudia hilo. Ukirudi nyuma zaidi, William Hogarth, mchoraji wa London, alijichora mwaka 1745 pamoja na pagi wake aliyeitwa Trump. Hapana, jina hilo sikulitunga mimi, na mbwa alitangulia. Picha iko jumba la sanaa la Tate, London. Trump yule ana pua ya kutosha na miguu ya kukimbia.

Kati ya Hogarth na sisi kulipita mengi. Asili ya mbwa hawa ni China, Ulaya waliingilia Uholanzi, na Uingereza walishamiri alipokuja William wa Orange kutawala. Kisha katika miaka ya 1860 wakaletwa wengine wawili kutoka China, Lamb na Moss, wakamzaa Click, na damu ya Click ikasambaa kwenye ukoo. Halafu yakaja mashindano ya urembo wa mbwa, na mnajua mashindano ya urembo hufanya nini: kinachopendwa mwaka huu, mwakani lazima kizidi kidogo. Mwaka 2019 serikali ya Uholanzi ilitoa vigezo kwamba mbwa ambaye pua yake haifiki karibu theluthi ya urefu wa kichwa asizalishwe. Niliposoma nikachukua rula tena. Wengi wa pagi wangu wa karatasi wangefaulu.

Hapa naomba niwe mkweli, maana katika safu ya nyuma naona mwalimu wa historia anatikisa kichwa. Mchoraji si kamera. Wachapaji waliibiana picha, na huenda pagi kumi nilionao ni nakala za pagi mmoja aliyekuwa na pua nzuri. Kwa hiyo rula yangu si ushahidi wa mahakamani. Lakini kuna tofauti kati ya mchoraji wa mfalme, aliyelipwa apendezeshe, na mchoraji wa tangazo la sabuni, aliyelipwa ili mama wa Ohio aseme mara moja, "Angalia, yule ni pagi!" Huyu wa pili ilimlazimu achore kile watu walichokuwa wanakiona mtaani. Namwamini zaidi.

Masikio nayo yanasema. Zamani walimkata pagi masikio mpaka karibu na fuvu, wakidai ngozi ya paji inakunjamana vizuri zaidi. Uingereza mchezo huo ulikomeshwa mwaka 1895. Kwa hiyo kadi ya Kiingereza yenye pagi asiye na masikio inakupa fununu ya umri wake. Rangi pia. Pagi wa kadi ni wa rangi ya mchanga na uso mweusi. Mweusi mwili mzima ni nadra. Lady Brassey, yule bibi aliyezunguka dunia kwa jahazi lake, ndiye aliyewatoa pagi weusi mbele ya watu kwenye maonyesho mwaka 1886. Ninaye mweusi mmoja tu. Simuuzi, msiniulize.

Sasa ya sokoni. Nilisema wauzaji hawamtambui. Kwa kuwa wa zamani ana pua, wengi humwandika buldogi, na buldogi wa kadi ni wa kawaida, bei yake chini. Nusu ya sanduku langu nimelipata kwa kutafuta kwenye intaneti neno ambalo si lake. Mjue na majina yake mengine. Mjerumani na Mholanzi humwita mops. Mfaransa humwita carlin, kwa jina la mwigizaji wa karne ya 18, Carlo Bertinazzi, aliyejulikana kama Carlin na aliyecheza jukwaani akiwa na kinyago cheusi usoni. Zile kadi za Liebig, kampuni ya rojo nzito ya nyama ya kutilia supu, ambazo zilitolewa kwa karibu miaka 100 kwa lugha nyingi za Ulaya, ukizitafuta kwa Kiingereza tu umejinyima.

Za bandia zipo. Nyingi ni nakala zilizochapwa upya kwa nia njema kabisa, za kupambia, kisha mtu wa tatu anaziuza kama za babu yake. Mimi niliuziwa nne kwa mpigo na muuzaji mmoja mwenye ndevu za heshima sana. Nikazibeba kwa furaha, nikafika nyumbani, nikachukua kioo cha kukuzia. Kadi ya jiwe ukiikuza unaona vidoa visivyo na mpangilio, kama mchanga uliomwagwa kwa mkono, na rangi nyingine zimelala nzito bila vidoa. Nakala ya mashine ya kisasa inaonyesha vitone vilivyopangwa mstari na duara, kama vigae vya bafuni. Zangu zote nne zilikuwa bafu. Njia nyingine ni ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ya kisasa hutiwa dawa ya weupe, na chini ya tochi hiyo inang'aa kama shati la bwana harusi. Ya 1885 inabaki kimya.

Halafu gundi. Kwa kuwa zilibandikwa kwenye albamu, nyingi nyuma zina karatasi ya mtu mwingine. Vitabu husema ziloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu, karatasi itaachia. Ni kweli, wino wa jiwe una mafuta, huvumilia maji. Nililowesha moja nikiwa na uhakika wote wa muuguzi. Ikaachia taratibu, na nyuma yake nikaona mwandiko wa mtoto, herufi kubwa zinazopanda mlima. Nikasoma M, a, r. Nikakimbilia miwani. Niliporudi, maji yalikuwa ya zambarau na kadi ilikuwa safi. Wino wa mchapaji unavumilia, wino wa mtoto hauvumilii. Sijui alikuwa Mary au Martha au Margaret, na alinisubiri miaka 120 ili nimfute kwenye beseni. Tangu siku hiyo siloweshi kitu kabla ya kukimulika kwa taa kutoka nyuma.

Kwa hiyo mkisikia wataalamu wanamlaumu Jefferson Burdick kwa gundi, mimi simo. Burdick alikuwa mtu wa Syracuse, jimbo la New York, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme, maskini wa fedha. Huyu ndiye aliyezipanga kadi za Marekani zote na kuzipa alama za herufi na namba ambazo tunazitumia hadi leo. Mkiona muuzaji kaandika N163, ni Burdick huyo: N ni tumbaku ya karne ya 19, na 163 ni seti ya mbwa wa dunia ya Goodwin wa New York, ya mwaka 1890. Alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi uliomkakamaza viungo. Akalizawadia jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vitu vyake zaidi ya 300,000, kisha akahamia mjini ili azibandike mwenyewe kwenye albamu. Mwaka baada ya mwaka, kwa vidole vile. Nimeshika vidole vya namna hiyo, najua kufungua kifuniko cha chupa ni vita, sembuse kubandika kipande cha karatasi kikae sawa. Alimaliza Januari 1963. Machi akafariki. Gundi yake si nzuri, ndiyo. Mnaomlaumu, kabandikeni nyinyi.

Waingereza nao wana Edward Wharton-Tigar, aliyeachia British Museum kadi za sigara zaidi ya milioni moja. Yule alikuwa na pesa.

Kuna kijana aliniandikia kabla ya leo akiuliza: mbwa wetu wa Afrika, yumo? Swali zuri. Kwenye kadi zangu za maduka, hayumo. Yupo mbwa wa Kongo asiyebweka, basenji, ambaye alionyeshwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1895, lakini wale wa kwanza walikufa kwa maradhi, na ikabidi kungoja mpaka 1937 ndipo akaonyeshwa tena na kushika mizizi. Wakati huo kadi za maduka zilishazikwa zamani. Jina lake mmelisikia? Basenji. Ndilo lilelile la washenzi, neno lililotembea na misafara mpaka Kongo likarudi na mkia. Mbwa tuliyemwita wa kishenzi leo ana cheti cha nasaba, na bei yake ni mshahara wangu wa miezi. Pua yake, lakini, hawajaigusa. Ndefu, safi, anapumua kimya. Nilimsikiliza mmoja kwenye bustani ya Wollaton dakika kumi nzima mpaka mwenyewe akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Nimewaletea ile ya kwanza, ya pauni mbili, ya mto mwekundu. Imo kwenye mfuko wa plastiki, lakini nitaitoa, kwa sababu karatasi ya zamani lazima uinuse. Ishikeni pembeni, kwa ncha za vidole, na mliokwisha kula sambusa pitisheni bila kushika. Kioo hiki hapa. Anzeni na bibi pale mbele, kisha ipite safu kwa safu. Angalieni pua kwanza. Kisha igeuzeni msome mwenye duka. Muhuri wake ulikwenda mrama, herufi ya mwisho imeanguka nje ya kadi. Mwalimu wa historia, wewe wa mwisho, unirudishie mkononi.